Tochi ya Shoti: Kinga au Mjeledi?

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa swali katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, na kwa kuwa aliyelileta ni mwanamke mwenye haja, wala si mtu wa kutafuta mabishano, tumeona haifai kulijibu kwa neno moja kisha tukalipita. Dada huyu akaa Shika Adabu, na kazi yake iko kisiwani, ng'ambo ya feri. Zamu yake humalizika usiku. Akishavuka Likoni hupanda gari mpaka kituoni, na hapo humbakia mwendo wa dakika kumi kwa miguu, katika njia isiyo na taa. Mara mbili amefuatwa. Mara ya pili alinyang'anywa mkoba, na aliyemnyang'anya hakutosheka na mkoba bali alimvuta mkono kumtoa njiani, na lau si taa za gari lililotokea ghafula, hatujui hadithi hii ingeishia wapi.

Baada ya hapo mwenziwe kazini alimletea tochi. Ni tochi kama tochi nyingine, ila kichwani ina meno mawili ya chuma, na ukibonya kitufe cha ubavuni hutoa cheche za buluu na mlio wa kukwaruza. Watu huiita tochi ya shoti. Aliuliza mambo mawili: je, kitu hiki chafanya kazi kweli? Na je, yafaa kwa Muislamu kukichukua na kumpigia mwanadamu mwenziwe?

Mmoja wetu alijibu upesi kuliko wote, akasema, "Mama, dawa ya haya ni kukaa nyumbani." Neno hili ni jepesi kwa asemaye na ni zito kwa aambiwaye. Dada huyu ana watoto watatu na mama mzee, na hakuna katika sisi aliyejitolea kuwalisha ili yeye akae nyumbani. Basi tuliliacha neno hilo pale pale liliposemwa, tukaingia katika swali lenyewe.

Kwanza yafaa tujue kitu hiki ni nini, kwani kukihukumia kitu kabla ya kukijua ni katika maradhi yetu ya zamani. Wako waliodhani ni uchawi wa kisasa. Si uchawi, wala asili yake si ngeni. Tabibu Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyekaa Misri mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzo wa karne ya 13, aliandika khabari za samaki wa mto Nili aitwaye kwa Kiarabu raada, ambaye mtu hawezi kumshika angali hai ila mkono wake hutetemeka na kufa ganzi. Samaki yule hutumia umeme kujikinga na kupata chakula chake. Mwanadamu alichokifanya ni kukiiga.

Ndani ya tochi mna betri ndogo, ya volti chache tu. Umeme wa betri huenda kwa mkondo mmoja, na hauwezi kukuzwa kwa transfoma mpaka kwanza ukatwekatwe. Basi iko sakiti ndogo ya kuukatakata, kisha transfoma, yaani nyuzi za shaba zilizozungushwa mara nyingi, huukuza mpaka ukawa wa volti maelfu. Umeme huo hukusanywa katika kapasita, ambayo mfano wake ni kikombe kinachojazwa polepole kisha humwagwa kwa mara moja. Hujazwa na kumwagwa mara nyingi katika kila sekunde, na kila kumwagwa ni cheche moja baina ya yale meno mawili. Ukiyagusisha meno na mwili wa mtu, umeme huacha kupita hewani, hupita katika nyama yake.

Wengi huuliza: volti maelfu, kwa nini hazimuui, ilhali umeme wa nyumbani wa volti 240 umeua watu wangapi? Jawabu ni kuwa volti ni kama kimo cha tangi la maji, na ampea ni kama wingi wa maji yapitayo katika mfereji. Tone moja likianguka kutoka ghorofa ya kumi halimzamishi mtu, bali mto wa kina kifupi wamzamisha. Nyuma ya waya wa nyumbani uko mto mzima. Nyuma ya tochi iko betri. Kila pigo lake ni fupi mno, na umeme wa kudumu upitao ni sehemu chache tu katika elfu za ampea moja. Lakini mishipa ya fahamu ya mwanadamu yenyewe hupelekeana khabari kwa umeme mdogo sana, basi hayo mapigo huivuruga, na mtu huona maumivu makali na misuli yake kujikaza bila ya khiari yake.

Hapa ndipo penye ghishi kubwa, na twataka wasomaji wetu waisome kwa makini. Juu ya sanduku la tochi tuliyoletewa pameandikwa volti milioni kadha. Haya si kweli wala hayawezi kuwa kweli. Hewa kavu hupasuka na kupitisha cheche kwa kadiri ya volti 30,000 kwa kila sentimita moja. Meno ya tochi ile yameachana kwa sentimita tatu. Piga hesabu mwenyewe, ewe msomaji: kabla umeme haujafika volti 100,000 huwa umekwisha kuruka. Aliyeandika milioni aliandika ili auze. Na anayenunua kinga kwa maneno ya uwongo hulipa mara mbili, mara moja dukani na mara ya pili usiku.

Tena, viko vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni kile cha askari wa nchi kubwa, kiitwacho Taser, alichokibuni Jack Cover wa Marekani na kupewa hati yake mwaka 1974. Hicho hurusha vishale viwili vilivyofungwa nyuzi nyembamba, hata mita kadha, na vishale vikitua mbali mbali mwilini, umeme hupita katika misuli mingi kwa pamoja. Ile aina mashuhuri ya X26 hupiga kadiri ya mapigo 19 kwa sekunde, kwa muda wa sekunde tano, na mtu hujikaza akaanguka kama gogo, hata akiwa hana maumivu ya kusikia kwa ulevi au kwa hasira. Cha pili ni hiki cha kugusisha. Meno yake yako karibu karibu, basi umeme hupita njia fupi chini ya ngozi. Huumiza sana, lakini haumfungi mtu misuli yake yote. Aliyepigwa akijivuta nyuma hatua moja, kwisha kazi. Nguo nzito huupunguza, na yapasa kumshikilia mtu sekunde kadha, si kumgusa na kuondoa. Mwenye kumshikilia huna budi kuwa karibu naye kuliko urefu wa mkono wako.

Sasa tuzingatie mtaa wetu. Miaka hii ya karibuni, Likoni na Kisauni zimejulikana kwa vijana wanaotoka makundi makundi na mapanga. Mwenye panga hufika kwako kabla wewe hujafika kwake. Na wao ni watano au sita. Tochi hii haikuumbwa kwa ajili ya hao, na mwenye kuitoa mbele yao amejiongezea khatari, kwani amekwisha kuwaonyesha kuwa yu tayari kwa vita. Kwa hao, toa mkoba. Kwa mtu mmoja aliyekukamata mkono gizani, asiye na silaha, hapo ndipo yaweza kufaa: hushtuka, huachia, nawe hupata nafasi ya kukimbia. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kununua nafasi ya kukimbia.

Tumekwisha na kazi yake. Tuje katika hukumu yake, na hapa hatuna haja ya kubuni lolote. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi walikwisha kuifungulia mlango wake maalumu mas'ala ya mtu anayekushambulia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameitaja katika Minhaj, kitabu ambacho mashekhe wa pwani hii wamekisomesha miaka na miaka. Na asili ya maneno yake ni ngazi. Mshambulizi huzuiwa kwa lililo jepesi, kisha kwa lililo zito kidogo, kisha kwa lililo zito zaidi. Akizuilika kwa maneno, au kwa kupiga ukelele wa kuomba msaada, basi kumpiga ni haramu. Akizuilika kwa mkono, mjeledi ni haramu. Akizuilika kwa mjeledi, fimbo ni haramu. Na hivyo mpaka kwenye kukata kiungo, na mwisho kabisa kuua. Na ikiwezekana kukimbia, kauli yenye kutegemewa ni kuwa kukimbia ni wajibu.

Tazama sana hiyo kauli ya mwisho, kwani vijana wetu hawaipendi. Wao wadhani kukimbia ni aibu. Fakihi hakuliona hivyo. Aliona kuwa uhai wa mwizi nao una Mwenyewe. Tena wakapambanua: kupigania mali ni ruhusa, wala si lazima, ama kuitetea heshima ya mwanamke ni wajibu. Basi kwa simu na mkoba dada yetu ana khiari, na twamshauri aviache. Kwa kuvutwa mkono kutolewa njiani hana khiari, wala sisi hatuna.

Chombo hiki basi kimekaa daraja gani? Kwa maumivu, ni mjeledi. Hakikati, hakivunji, na kwa aghlabu hakiui. Kimekuja kukaa mahali palipokuwa patupu kwa watu wetu wengi, baina ya ukelele na panga. Mtu ambaye hana kitu baina ya viwili hivyo, siku ya khofu huruka kutoka hiki mpaka kile, na tumeona maiti za hilo. Kwa sababu hiyo hatuwezi kusema ni haramu kukimiliki. Kinapowekwa badala ya panga, ni katika kupunguza shari.

Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu juu ya mwanamke wa Massachusetts aitwaye Jaime Caetano. Alikuwa akiandamwa na mwanamume aliyekuwa akikaa naye zamani, aliyempiga mpaka akalazwa hospitali. Amri za mahakama za kumzuia mtu yule hazikumfaa kitu. Rafiki yake akampa chombo cha shoti. Usiku mmoja mwanamume yule alimngojea nje ya kazi yake, na mwanamke akamwonyesha kile chombo na kumwambia amwache, na yule akaogopa akaenda zake. Hakumgusa nacho. Baadaye alishitakiwa kwa kukimiliki tu, akapatikana na hatia, na mahakama ile kuu ikaitangua hukumu ya mahakama ya jimbo. Sisi si mawakili, wala Katiba ya Marekani haituhusu. Kilichotushughulisha ni kuwa mwanamke yule alisimama kwenye daraja ya kwanza ya ngazi, daraja ya maneno, na chombo kilikuwa mkononi kuyapa maneno yake uzito.

Si kila nchi imekubali hayo. Uingereza, kwa sheria yake ya silaha ya mwaka 1968, imekataza raia kuwa na chombo cha kutoa kitu chenye kudhuru, na mwaka 1988 majaji wake wakubwa waliamua kuwa umeme wa chombo hiki umo katika katazo hilo. Na sheria yetu ya Kenya, katika Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, yasema kuwa mwenye kutumia nguvu kujitetea atapimwa kwa misingi ya sheria ya Kiingereza ya mahakimu, ambayo humuuliza mtu: je, nguvu ulizozitumia zililingana na khatari iliyokukabili? Tumemwambia dada yetu, kabla ya lolote, amwendee wakili amuulize juu ya kuichukua tochi ile njiani, kwani udhuru wa kutokujua haukubaliwi mahakamani.

Tungaliweza kuishia hapa, lau si jambo lililotokea katika mtaa mmoja wa huku kwetu bara ya kusini, nalo ndilo lililotufanya tuandike badala ya kujibu kwa mdomo. Mlinzi wa ua mmoja alikuwa na tochi kama hii. Alimkamata kijana, tuseme wa miaka kumi na minne, akiiba nyaya. Alimkamata bila ya taabu, akamfunga mikono kwa kamba ya manila, na kijana akakaa chini. Ndipo mlinzi akatoa tochi. Alimpiga shingoni, akamuuliza wenziwe ni nani. Akampiga tena. Watu walikusanyika, na katika waliokusanyika walikuwamo wenye kofia na misbaha. Mmoja alicheka kwa namna kijana alivyorukaruka. Hata mwisho hapakuwa na damu, wala kovu, wala mfupa uliovunjika, na kila mtu akaenda kulala akiwa na amani. Tulipomuuliza mmoja wao mbona hakusema neno, alitujibu, "Kwani amemfanya nini? Si shoti tu?"

Katika maneno haya, "si shoti tu," ndimo ilimo khatari ya chombo chenyewe. Panga lina uzito wake mkononi. Mwenye kuliinua, japo awe fasiki, hujua kuwa anaingia katika jambo kubwa. Damu humshitaki mtu mbele ya macho yake mwenyewe. Umeme haumshitaki. Maumivu ni ya yule, na mkono wa huyu umebonya kitufe tu, kama awashaye taa. Wepesi ule ule uliotufanya tuseme ni ruhusa, ndio unaomwondolea mtu haya. Hakuna aliyempiga mwizi panga tatu ili amuulize swali. Kwa shoti, tatu ni chache.

Na fakihi hakumwacha mlinzi huyu na mwanya wowote. Ile ruhusa yote ya ngazi imefungwa kwa sharti moja, nalo ni kuwa shambulio lipo. Mshambulizi akigeuka akakimbia, humfuati kumpiga. Akianguka akawa hawezi, ruhusa imekwisha, na pigo la baada ya hapo si kujitetea tena. Kijana aliyefungwa mikono si mshambulizi. Ni mfungwa. Na Katiba ya nchi hii ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 29, imekataza kumtesa mtu yeyote kwa namna yoyote, hata mwizi wa nyaya. Kamati ya Umoja wa Mataifa yenye kusimamia mkataba wa kupinga mateso ilisema mwaka 2007, ilipokuwa ikizungumza na Ureno juu ya ile X26, kuwa maumivu yake ni namna ya mateso, na kuwa yaweza kuleta hata mauti.

Mauti hayo si khabari ya kukisia. Tarehe 14 Oktoba 2007, katika uwanja wa ndege wa Vancouver, Canada, alifika msafiri wa Kipolandi aitwaye Robert Dziekański. Hakujua Kiingereza. Alikaa uwanjani saa nyingi akimtafuta mamake, akachoka, akachanganyikiwa, akaanza kutupa vitu. Polisi wanne walikuja, na kabla ya dakika moja kupita walikuwa wamempiga kwa Taser. Walimpiga mara tano, akafa pale pale sakafuni. Uchunguzi wa jaji uliotolewa mwaka 2010 ulisema kuwa askari hawakuwa na sababu ya kumpiga. Alichokuwa nacho mkononi ni stepla, kile kidude cha kubania karatasi. Wale askari hawakuwa majambazi. Walikuwa watu waliofunzwa, wenye chombo walichoambiwa kuwa hakiui.

Basi tusidhanie kuwa tochi ikiingia nyumbani itakaa ndani ya mkoba ikingojea majambazi. Sisi tuliosoma chuoni twaijua bakora ilivyo. Siku ya kwanza huletwa kuonyeshwa tu. Mwenye kununua chombo hiki na ajiulize ni nani mwingine nyumbani atakayekijua kilipowekwa: mtoto, mtumishi, au mume mwenye hasira ambaye atafurahi kupata kitu kisichoacha alama ya kumwonyesha kadhi. Haya twayasema waziwazi, na atakayechukia na achukie.

Yako na mengine madogo ya kujihadhari. Aliyepigwa huweza kuanguka kwa kichwa, na barabara haina huruma. Mwenye maradhi ya moyo au mwenye mimba asichezewe nacho kwa mzaha, wala yeyote asichezewe. Na kwa kuwa huku kwetu petroli ya bodaboda huuzwa kwa chupa kando ya njia, ijulikane kuwa cheche yaweza kuuwasha mvuke wake.

Twarudi kwa dada yetu. Tulipomsomea ile ngazi, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno yaliyotunyamazisha. Alisema, "Mashekhe, hiyo daraja ya kwanza nimekwisha kuipanda. Nilipiga ukelele. Nyumba nne zilikuwa na watu, taa zilikuwa zikiwaka. Zilizimwa."

Hatukuwa na jawabu. Kitabu chasema ukelele watangulia mkono, na mkono watangulia mjeledi. Lakini ukelele ni daraja kwa kuwa yuko asikiaye. Sisi tukiizima taa, tumeivunja daraja ya kwanza kwa mikono yetu, kisha twakaa kuuliza kama ya tatu ni halali. Tunajua khofu ilikotoka. Waliokuwako Agosti 1997, wakati kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na jirani akamwogopa jirani, walijifunza kufunga milango, na waliwafunza watoto wao. Hatuwalaumu kwa usiku ule. Lakini ni miaka mingi tangu usiku ule, na milango ingali imefungwa, na mwanamke alipiga kelele katika mtaa uitwao Shika Adabu.

Usiku huo darsa haikusomwa. Tulikaa tukahesabu nyumba zilizoko baina ya kituo cha gari na nyumba ya dada yetu, zikawa kumi na saba, tukagawana kuziendea. Kumi na moja zimekubali kuwasha taa ya nje kutoka Isha mpaka feri ya usiku wa manane, na tano katika hizo zina wanaume waliotoa ahadi ya kutoka pamoja wakisikia filimbi, wala si mmoja mmoja. Mbili zilitufukuza. Nne hatujazipata wenyewe. Filimbi ilinunuliwa kwa pesa za chai ya darsa.

Tochi bado anayo mkobani, na hatukumwambia aitupe.